Madawati ya Kuazima

Mimi siwezi kukaa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu ndani ya sketi, na hata kwenye Misa nilitafuta sababu ya kutoka nje kabla padri hajamaliza mahubiri. Baba, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, alinitetea. Alisema treni isiyotembea ni chuma tu. Kwa hiyo sijui ni nani aliyenilaani nikawa directrice, mwalimu mkuu, wa shule ya umma, kwa sababu kazi ya directrice huku Lubumbashi ni kungoja. Unangoja mshahara, unangoja chaki, unangoja mkaguzi, unangoja jibu la barua ambayo wewe mwenyewe umeshasahau uliandika nini. Na ukionyesha kuchoka, kila mtu anakuambia haraka haraka haina baraka. Sijawahi kuambiwa polepole imetuletea baraka gani.

Shule yangu iko Kampemba, nyuma ya Bel-Air, upande ambako lami inakata tamaa. Parokia ndiyo inayoisimamia, lakini walimu ni wa serikali, au tuseme wanatakiwa kuwa wa serikali. Shule ya msingi ilipofanywa bure, watoto walikuja tukakosa pa kuwaweka. Sikulalamika. Wasichana niliokuwa nawaona wakiuza maji ya mifuko barabarani walianza kuingia getini na kalamu mkononi, na nilifurahi hadi nikawapigia makofi. Lakini kitu cha bure kina mtu wa kukibeba, na kwetu mtu huyo alikuwa Mama Première.

Tulimwita hivyo kwa sababu alifundisha première, darasa la kwanza, na hakutaka kusikia habari ya darasa jingine. Alikuwa mtu wa Pweto, kule ziwani, mpole wa sauti, mgumu wa shingo. Jina lake halikuwahi kuingia kwenye orodha ya mishahara kule Kinshasa. Walimu wa aina yake wanaitwa nouvelles unités, yaani walimu wapya, ingawa yeye alikuwa mpya tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe, na sasa mtoto huyo ana ndevu. Aliishi kwa samaki wakavu ambao dada yake mkubwa alimtumia kutoka ziwani, akawa anawauza Jumamosi. Siku nyingine zote alikuwa na umati wa watoto wasio na dawati hata moja. Kila mtoto alikuja na katoni yake, akaitandika kwenye saruji, akakaa. Saa ya kucheza walizikunja wakatembea nazo kwapani, maana katoni nzuri huibwa. Na kufika Pasaka watoto wale walikuwa wanasoma. Nimetembelea shule zenye madawati, zenye feni, zenye picha za wanyama ukutani, ambako watoto wa umri ule wanababaika tu.

Mwaka mmoja, Septemba, Mama Première alikuja ofisini kwangu akabaki amesimama.

“Mama Directrice, yaya yangu anachoka. Ananiita ku Pweto nichukue kazi yake ya samaki,” alisema, yaya akimaanisha yule dada mkubwa. “Kama banatia kazi yangu ku bajeti, ata posho kidogo, nitabakia. Kama hapana, naenda.”

Hakusema kwa kutishia. Alisema jinsi mtu anavyokuambia mvua inakuja, anua nguo. Mimi niliogopa kweli. Mwalimu wa kusimama mbele ya darasa ningempata, mji umejaa vijana wenye diploma. Wa kuwafundisha kusoma watoto wale, kwenye saruji ile, sikumjua mwingine.

Basi nikaingia katika kile ambacho wakurugenzi wenzangu walikiita plaidoyer, kwenda kuwatetea walimu na watoto mbele ya wabunge wa jimbo. Tulikuwa na kikundi chetu, na mkubwa wetu alikuwa Papa Doyen, mkurugenzi mzee kuliko sisi sote, mtu wa ukoo uliokuwa ukilima ardhi hii kabla mtu yeyote hajachimba shimo la shaba. Shule yake haikuwa mbali na yangu. Alikuwa na suti moja ya kijivu na maneno machache, na vyote viwili alivitunza vizuri. Tulikuwa tumesikia kwamba bajeti mpya ya jimbo ingechagua shule chache zenye shida kubwa kuliko nyingine, zipewe madawati, na walimu wao wasiolipwa wapewe posho ya kila mwezi. Tuliandika ombi letu sote pamoja, tukalipeleka, kisha tukaanza kungoja kwenye ukumbi wa Bunge la jimbo.

Mungu anisamehe jinsi nilivyouchukia ukumbi ule. Una viti laini kando ya ukuta, na wenzangu walivikalia kwa heshima, mikono magotini. Mimi nilitembea, kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

“Mama Directrice, ikala kwanza,” Papa Doyen aliniambia. “Unazunguka mupaka kichwa inaniuma.”

Nilikaa, nikasimama tena. Tulirudi pale mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alianza kuniuliza habari za watoto wangu. Mwishowe mbunge mmoja wa kamati inayoshughulikia shule alitoka kwenye mkutano, mtu mnene kiasi, mcheshi, akatusikiliza akiwa amesimama. Tulimwita Honorable kama wanavyoitwa wote.

“Sawa,” alisema. “Batu banaandika mambo mingi. Shiye tutakuya kuona na macho yetu. Semaine yenye inakuya.”

Wiki ijayo. Nilitoka pale karibu kucheza. Waje waone, ndicho nilichokuwa nataka. Waone katoni, waone Mama Première akiruka miguu ya watoto ili aufikie ubao. Nilimwambia siku ile ile, naye akatabasamu kidogo, akasema atamwambia dada yake asubiri.

Nilikuwa nimesahau sisi ni watu wa namna gani.

Papa Doyen aliitisha kikao darasani kwangu, pamoja na kamati ya wazazi. Ratiba ilikuwa asubuhi wabunge waje kwangu, wale chakula cha mchana hapo hapo, alasiri waende kwake. Akasimama na suti yake, akasema jambo ambalo kwake halikuwa na mjadala.

“Bakubwa banakuya kwetu. Mugeni hawezi kuikala chini, ata siku moya. Nilisema na padri. Tutachukua mabanc ya parokia.”

Mabanc ni yale madawati marefu ya kanisani. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mama mmoja akasema ana pazia la sebuleni la kufunika dirisha lililovunjika. Mwingine akasema chokaa ipo, tupake mawe ya njiani. Mwingine akasema watoto wasio na sare wabaki nyumbani siku hiyo, tena nusu ya première wabaki, darasa lipumue. Nilisikiliza hadi nikashindwa kukaa.

“Papa Doyen, beye banakuya kuona shida,” nilisema. “Tukificha shida, bataona nini?”

Mwenyekiti wa wazazi, fundi wa magari ambaye kwa kawaida tunaelewana, akanitazama kama nimetukana msibani. “Mama Directrice, unataka baseme mu Kampemba hatuyue kupokea bantu?”

Nilijibu, wakajibu, nikapaza sauti, wakanyamaza kwa adabu, na kura ikapigwa kwa macho. Nilishindwa. Na mimi nikishindwa nina kasoro moja, kwamba siwezi kukaa pembeni na kununa. Kama ni kufagia basi tufagie kweli. Nilifagia kuliko wote. Nilimwagia vumbi jekundu maji tangu alfajiri. Nilipanga madawati ya parokia kwa mstari hadi ukapendeza kuliko kanisani, huku nikiwaka kwa hasira. Mama Première alileta samaki wake wa Pweto, wale wakubwa aliokuwa amewawekea wateja wa Jumamosi. Nilimwambia awaache. Akasema hawezi kupokea wageni kwa mboga peke yake.

Jeep ilifika ikiwa imechelewa, ikapaki chini ya jakaranda. Watoto wenye sare waliimba. Honorable alipita kila darasa, akashika mapazia, akafika première na kukuta watoto wachache wasafi juu ya madawati, mikono imekunjwa. Akakaa nao kidogo kwenye dawati la mbele. Alipoinuka niliona akigusa nyuma ya suruali yake, lakini hakusema kitu. Alimuuliza Mama Première kama kazi inaendelea vizuri. Mama Première akanitazama mimi, akamtazama Papa Doyen, akasema inaendelea.

“Félicitations, Mama Directrice,” Honorable alinipongeza. “École iko muzuri. Ni mufano. Kuko mashule yenye iko na shida kupita hii.”

Kisha wakala bukari, ugali wetu, na samaki. Walikula muda mrefu, kwa sababu akina mama walikuwa wameagizwa wasiache sahani ikauka. Kila Honorable alipotaka kuinuka, kipande kingine kilitua mbele yake. Nilidhani ni ukarimu tu. Nilipotoka nje kuvuta hewa, ndipo nilipoona mikokoteni ikipita njia ya nyuma, imejaa madawati ya parokia, inakimbizwa kwenda shule ya Papa Doyen kabla jeep haijawashwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Sisi tulipona siku hiyo? Nilishika ukuta nikacheka peke yangu.

Kesho yake watoto wote walirudi na katoni zao. Baada ya masomo Mama Première aliniambia, bila lawama yoyote, kwamba atamaliza muhula huu kisha ataondoka.

Tangu hapo sikuwa na raha hata ya kunywa chai. Nilimpigia Honorable simu, haikupokelewa. Nilienda ofisini kwake nikaambiwa yuko safarini, na nilipouliza lini atarudi nikaambiwa ningoje. Jumapili moja, baada ya Misa, mwalimu mmoja aliniambia amemwona kule Karavia, mahali pa kupumzikia kando ya maji, na familia yake. Sikubadilisha hata nguo za kanisani. Nilichukua teksi, nikashuka, nikawapita watu waliokuwa wakila kuku wa kuchoma na wengine wakicheza muziki, nikamkuta ameketi na mke wake na watoto, shati nje ya suruali, amepumzika.

“Mama Directrice. Kuya, ikala,” alisema, akimwamuru mtoto anipishe kiti.

“Honorable, aksanti, sitaikala. Mama, munisamehe,” nilimwambia mke wake, maana Jumapili ilikuwa yake. “Nilikuya kusema kitu moya. Mabanc yenye muliona kwangu haikuwa yetu. Ilikuwa ya parokia.”

Nilitegemea akasirike. Akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika.

“Ile yenye iko na musumari?” aliuliza. “Asubui ilinipasulia suruali kwako. Saa ya kisha kukula naikala kwa Papa Doyen, nakutana na ule musumari tena. Nikasema, kumbe shiye babili tunatembea pamoja leo.”

Mke wake naye akacheka. Mimi sikucheka.

“Basi mulijua. Juu ya nini hamukusema?”

“Mama, nilikuwa mugeni. Mugeni anaulizaka mwenye nyumba sahani alitoa wapi?” Akafuta macho. “Na samaki?”

“Samaki ilikuwa yetu. Ya ule mwalimu mwenye hamumulipe.”

Hapo akaacha kucheka. Akageuza chupa yake mezani kidogo, akaitazama. Akaniambia kwamba yeye hawezi kusimama mbele ya kamati aseme wakurugenzi wa Kampemba walizungusha madawati, watu watatucheka na ombi litatupwa. Lakini kamati itatuita tuseme wenyewe, kabla bajeti haijapigiwa kura. Anayesema kwa niaba ya kikundi ni Papa Doyen. Kama Papa Doyen atasema ukweli kwa kinywa chake, yeye ataunga mkono. Aliponyamaza nilikuwa nimeshaanza kuondoka.

Kwa Papa Doyen hakuna kusema neno kabla ya kula. Ndivyo nyumba yake ilivyo. Jumatatu jioni alinipa kiti, akanipa maji ya kunawa, mke wake akaleta bukari na majani ya mihogo, nami nikala kwa haraka hadi akaniuliza kama kuna anayenifukuza. Kisha nikamweleza habari ya Karavia. Aliposikia kuhusu msumari aliinamisha kichwa. Mimi nikaona aibu kumtazama.

“Baba yangu,” alisema, “alipokeaka ba ingénieurs ba mine. Bazungu. Alikuwa na kuku moya. Akaichinja. Hakubaambia kama ni moya tu.”

“Na beye baliandika nini, Papa?” nilimuuliza. “Baliandika kule bantu biko na kuku.”

Nje mke wake alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga, na sauti ile ilinisumbua. Nikamwambia mficha uchi hazai. Alisema methali anazijua, yeye ndiye aliyezifundisha shuleni kabla mimi sijazaliwa. Kisha akanisindikiza hadi barabarani, taratibu, kwa mwendo wake wa kuhesabu mawe, na hakuniahidi lolote.

Siku mbili tatu baadaye dada wa Mama Première akaanguka kwa ugonjwa. Mtu wa Pweto alipiga simu asubuhi, katikati ya masomo. Mama Première alikuja kuniaga na begi lake, mvua za kwanza zikiwa zinapiga bati, hata hatukusikiana vizuri.

“Ngoja kidogo,” nilimwambia. “Kamati inatuita. Ngoja.”

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Weye njo unaniambia ngoja?”

Niliichukia ile kauli tangu nikiwa msichana, na sasa nilikuwa nimemtupia yeye, aliyengoja kuliko sisi sote. Nilimkumbatia. Alipanda lori la kwenda kaskazini mchana ule ule, na kesho yake mimi nikaingia première.

Nilifundisha vibaya, nasema ukweli. Miaka mingi ya ofisi inamwondolea mtu mkono wa kufundisha. Niliruka miguu ya watoto nikawakanyaga vidole. Nilienda haraka, wakabaki nyuma, nikarudi, wakachoka. Msichana mmoja mdogo wa mstari wa mbele, mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa akinisahihisha kwa upole. “Mama Première anasemaka vile,” aliniambia, akionyesha herufi kwa kidole. Darasa zima lilikuwa linamngoja mtu mwingine, na mimi pia.

Kamati ilituita siku ya mvua kubwa. Safari hii hatukuachwa ukumbini, tulikalishwa ndani, mbele ya meza ndefu ya wabunge, Honorable wetu katikati. Papa Doyen alisimama na suti yake ya kijivu, akaanza kusoma ombi letu, maneno yale yale ya adabu tuliyoyaandika pamoja. Tunayo heshima ya kuomba, tunayo heshima ya kukumbusha. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Nilikuwa nimejiambia akifika mwisho bila kusema, nitasimama mimi, na lolote liwe.

Hakufika mwisho. Alisimama katikati ya sentensi, akaweka karatasi mezani.

“Bahonorables,” alisema, “ile mabanc muliikala kwa Mama Directrice asubui, na ile muliikala kwangu kisha kukula, ni moya. Ni ya Misa. Tuliibeba na mikokoteni wakati mulikuwa munakula.”

Mbunge mmoja mwanamke mwishoni mwa meza akaanza kucheka, wengine wakafuata, hadi karani akacheka. Papa Doyen alibaki wima, akitazama mbele, kama mtu anayenyeshewa na hana pa kukimbilia. Nilimpenda sana wakati ule, mzee yule mgumu. Nilitaka kusimama nimfunike kwa kitenge changu.

Yule mwanamke ndiye aliyenyamaza kwanza. “Na siku zingine, Papa, batoto banaikalaka wapi?” aliuliza.

“Chini,” alisema Papa Doyen.

Honorable akasema kwamba watarudi, na kwamba safari hii hawatasema siku. Tulipotoka, Papa Doyen alikaa kwenye kiti kimoja cha ukumbini na kuomba maji. Mimi nilisimama karibu yake, na nilipotaka kusema neno akanizuia kwa kiganja. Alisema baba yake angemchapa.

Sasa ukaja ungojaji ule mbaya kuliko wote. Kila gari lililopita kwenye matope nje ya uzio nililisikia katikati ya sentensi. Nilikuwa nimekataza kila mtu asifagie zaidi ya kawaida, asilete pazia, asipake chochote, na mwenyekiti wa wazazi alikuwa hanisalimii vizuri. Muhula ulikaribia kwisha. Nilianza kuamini kwamba hawatakuja, na kwamba tulimvua nguo mzee wa watu bure.

Walikuja asubuhi moja mvua ikinyesha, Honorable na yule mbunge mwanamke, na mwavuli mmoja kati yao. Hakuna aliyewatangaza. Niliona tu mlango wa première umejaa, nikageuka na chaki mkononi. Honorable alitazama sakafu. Watoto walikuwa wameketi goti kwa goti hadi ukutani, maji yakivuja pembe moja, na wale wa pembe hiyo wamesogea juu ya wenzao. Mahali pa kuweka mguu hapakuwepo. Kiti changu mwenyewe nilikuwa nimempa mwalimu wa darasa la tano, mjamzito, kwa sababu mimi sikihitaji.

Wote walisimama na kusalimu, kama Mama Première alivyowafunza. Kisha yule msichana wa kikohozi alitoka mstari wake, akainua katoni yake, akaifuta kwa kiganja pande zote mbili, akaitandika mbele ya viatu vya Honorable.

“Papa, ikala,” alisema.

Naye akarudi mahali pake, akakusanya sketi yake, akakaa kwenye saruji tupu.

Hakuna aliyempangia. Au labda sote tulimpangia, tangu siku aliyozaliwa. Honorable alisimama kidogo, maji yakimtiririka begani. Alitazama katoni, akamtazama msichana, kisha akashika suruali yake magotini na kukaa chini, mtu mzima, mnene, na suti yake. Mbunge mwanamke aligeukia mlango akawa anahangaika na mwavuli uliokuwa tayari umefungwa. Niliendelea na somo kwa sababu sikujua la kufanya.

Alipoinuka aliniuliza yuko wapi mwalimu wa samaki.

“Alienda.”

“Alienda wapi?”

“Kule samaki yake inatokaka,” nilisema.

Kabla ya Krismasi Papa Doyen alinipigia simu. Bajeti imepita, na shule zetu mbili zimo, madawati pamoja na posho ya mwalimu wa première. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, mtu angedhani ananitajia bei ya mahindi. Nilimshukuru, akaniambia nisishukuru sana, kupigiwa kura si kupewa. Alikuwa sahihi. Ninapoandika haya bado hatujaona dawati wala posho, na nimeanza tena kutembea kwenye ukumbi ule, mlangoni hadi dirishani.

Siku ile ile nilijaribu kumpata Mama Première. Mtandao wa Pweto unakuja na kuondoka. Nilipiga hadi sikio likapata moto, na alipopokea nilipiga kelele kama niko ng'ambo ya ziwa. Aliniambia dada yake ameanza kutembea tena, nami nikamweleza yote. Bajeti hakuisemea kitu.

“Honorable aliikala chini kweli?” aliuliza.

“Chini kabisa.”

“Ku carton ya nani?”

Nikamwambia. Nikasikia upepo na watu wanaoitana.

“Na ule mutoto akaikala wapi?”

“Ku ciment.”

“Mama Directrice,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia amekasirika, “ule mutoto hapana kuikala ku ciment. Anakohoaka.” Kisha mtandao ukakatika, na nilipopiga tena simu haikuita.

Likizo ilikuwa ndefu. Januari, siku ya kufungua, nilikuwa getini kabla ya mlinzi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ninamngoja nani, lakini kila mzazi aliyenisalimu alitazama barabara upande niliokuwa nikitazama. Kengele ikapigwa. Nikachukua chaki zangu, nikaenda première nimevunjika moyo, nikaanza kuandika tarehe ubaoni nikiwa nimewapa watoto mgongo. Nikasikia watoto wote wanasimama nyuma yangu kwa pamoja.

Alikuwa mlangoni, matope hadi magotini, kapu la samaki kichwani na begi begani, ametoka kwenye lori moja kwa moja. Hakunisalimia kwanza. Alikuwa anawatazama watoto. Yule msichana alikuwa ameshatoka mstari wake, ameshafuta katoni kwa kiganja pande zote mbili, anaitandika mbele ya miguu yake.

Mama Première alishusha kapu. Akainama, akaichukua ile katoni, akaenda nayo hadi mstari wa mbele na kuirudisha mahali pake mwenyewe.

“Miye haiko mugeni,” alimwambia. “Ikala.”